Mbwa Anayeendana na Kochi

Umemwona mara moja tu, kwenye bustani ya mjini Hannover, amekaa pembeni ya bwana mmoja mwenye koti refu. Kijivu cha kung'aa, manyoya mafupi yaliyolala, kifua kirefu, macho ya kaharabu, na utulivu wa mtu aliyelipwa mshahara kwa wakati. Ukauliza, ukaambiwa ni Weimaraner. Ukarudi nyumbani, ukalitazama kochi lako la kijivu, ukatazama pazia na zulia, na nafsi ikakunong'oneza kwamba hapa kimepungua kitu kimoja tu.

Mwongozo huu ni wako. Usome hadi mwisho kabla hujatanguliza malipo.

Tuanze na rangi, maana ndiyo iliyokuponza. Kanuni za uzao huu zinataja kijivu cha aina tatu: cha fedha, cha paa na cha panya. Cha kochi hakimo. Macho nayo yana hila yake. Mtoto wa Weimaraner ana macho ya bluu ya angani, na picha za matangazo hupigwa wakati huo, kwa makusudi. Baada ya miezi michache bluu inakwenda zake na kaharabu inashika nafasi. Usimpigie mfugaji simu kulalamika kwamba umebadilishiwa.

Asili yake ni Weimar, mji wa katikati ya Ujerumani, na inasimuliwa kwamba mtawala wa huko, Karl August, alimpenda sana katika mawindo yake. Simulizi za mabwana wakubwa na mbwa wao zina chumvi nyingi, kwa hiyo tuziache. Lililo wazi ni kwamba klabu ya uzao huu iliundwa mwaka 1897, na tangu hapo sehemu kubwa ya kazi yake imekuwa kuwanyima watu mbwa. Kwa desturi ya klabu hiyo, mtoto wa mbwa huenda kwa mwindaji mwenye leseni. Mwenye kochi hana lake. Wamarekani nao walipomtamani, inasemekana mmoja wao, Howard Knight, alitumiwa wawili wa kwanza mwaka 1929 wakiwa wamekwisha kuhasiwa. Ukilisikia hilo ukiwa bado huna mbwa utauita uchoyo. Ukishakuwa naye utauita huruma.

Labda unadhani shida ni udogo wa nyumba yako, na kwamba mwenye uwanja mpana angestarehe. Basi msikilize Rais Dwight Eisenhower. Alikuwa na Weimaraner jike, jina lake Heidi, na nyumba yenyewe ilikuwa Ikulu ya Marekani, pamoja na bustani yake yote na wahudumu wake wote. Heidi akaharibu zulia la thamani katika chumba cha kupokelea mabalozi, akahamishiwa shambani kwa rais huko Gettysburg, Pennsylvania, akamalizie ujana wake kwenye majani. Jenerali aliyeongoza majeshi ya washirika kutua Normandy hakulinusuru zulia. Wewe una cheo gani?

Usinijibu kwa picha za William Wegman. Najua utazileta, kila mtu huzileta: yule msanii wa Marekani ambaye toka miaka ya 1970, akianza na mbwa aliyemwita Man Ray, amekuwa akiwapiga picha Weimaraner wake wakiwa wamevishwa kanzu, wigi na miwani, wametulia tuli juu ya viti. Ni kweli wametulia. Lakini tazama tena: wale wako kazini. Wanaingia studio, wanapewa jambo la kufanya, wanalifanya, wanasifiwa, wanarudi nyumbani wamechoka akili.

Hapo ndipo ilipo siri nzima ya mbwa huyu, na ndiyo maana watu wengi hukosea dawa. Wanaona anazunguka meza mara arobaini, wanasema ana nguvu nyingi, akimbizwe zipungue. Basi unaamka saa kumi na moja alfajiri, unamkimbiza kandokando ya mto. Wiki ya kwanza anarudi na kulala chali. Mwezi wa pili mapafu yamefunguka na moyo umepanuka, na zile kilomita zilizomlaza anazihesabu kama kunyoosha miguu. Ukiongeza, naye anaongeza. Utakuwa umetengeneza mwanariadha kwa jasho lako mwenyewe, na mwanariadha huyo anaishi kwako. (Na kama hajatimiza mwaka, usimburute nyuma ya baiskeli hata kidogo, mifupa bado inakomaa, na viungo vikishaharibika havirudi.) Huyu ni mbwa aliyezalishwa akate mashamba kushoto na kulia toka asubuhi hadi giza. Miguu yake huwezi kuichosha wewe unayelipwa kukaa mbele ya kompyuta.

Ugonjwa wake ni ukosefu wa ajira. Kinachomchosha ni pua. Buruta soseji nyasini hatua mia, ukate kona mbili, umalizie nyuma ya mti, ungoje nusu saa upepo uichanganye harufu, kisha mlete na kamba ndefu aifuate taratibu. Robo saa ya kazi hiyo inamlaza zaidi kuliko saa nzima ya mbio. Majirani watakuona unaburuta soseji kwenye mvua na watakuwa na maoni yao.

Tukija kwenye kazi yenyewe, huyu ni mbwa wa kuonyesha. Akinusa ndege aliyejificha, harukii, habweki. Anasimama na kuelekeza pua pale windo lilipo, ili mwindaji aliye nyuma apate muda wa kusogea. Kwale na wenzake wana tabia ya kujibana chini wakiamini hawajaonekana, na ujanja wote wa mbwa wa kuonyesha umejengwa juu ya imani hiyo yao. Wanyama wawindaji wengi, hata paka wa jikoni, husita kidogo kabla ya kuruka. Wafugaji waliichukua ile sekunde ya kusita wakairefusha, kizazi baada ya kizazi, ikawa dakika.

Utaiona mapema. Funga bawa la bata kwenye uzi wa fimbo ya kuvulia samaki, uliburute nyasini mbele ya mtoto wa wiki tisa. Mara ya kwanza atalirukia, mara ya pili pia, na wewe utalivuta asilipate. Halafu, bila kufundishwa na mtu, atasimama. Mguu mmoja wa mbele umekunjwa na kuning'inia, shingo imenyooka, mkia umekakamaa, tundu za pua zinafunguka na kufunga, na ngozi ya mapajani inatetemeka kwa yale anayoyazuia. Mdudu anaweza kumtua usoni asipepese. Ni kitu kizuri mno, na watu wameshawahi kulipa pesa nyingi kwa ajili ya sekunde hizo.

Lakini usijipongeze, kwa sababu hujafanya lolote. Hilo amezaliwa nalo. Na usilirudie zoezi la bawa kila wageni wakija, maana atazoea kuonyesha kwa macho badala ya pua, na mbwa wa namna hiyo utamkuta amesimama kwa heshima zote mbele ya mfuko wa nailoni ulionasa uani.

Kazi yako inaanzia pale ndege anaporuka. Kusimama anajua, kubaki amesimama wakati mabawa yanapasua hewa mita mbili mbele ya uso wake, hilo hakuna babu aliyemwachia. Wajerumani wana filimbi ya sauti mbili, iliyotengenezwa zamani kwa pembe. Upande mmoja una mlio wa kawaida, wa kumwita. Upande wa pili una mlio wa kutetemeka, na maana yake ni moja: lala chini, hapo hapo ulipo, hata kama uko katikati ya mbio. Unaanza kumfundisha mbele ya bakuli la chakula, unahamia uani, unahamia kwenye mpira unaoviringika, na kila hatua anakuwa mwanafunzi bora hadi unaanza kuwasimulia watu kazini. Siku unayokwenda naye shambani, sungura anafyatuka kutoka kwenye mtaro, unapuliza filimbi kwa nguvu zote, na sasa ni mashindano kati ya pumzi yako na damu ya mababu zake. Damu hushinda mara nyingi kabla haijashindwa.

Ndiyo maana kuna kamba ya mita kumi. Inaburutwa na mbwa, wewe unatembea karibu na ncha yake, na akitimka unaikanyaga. Vaa glovu. Usijizungushie mkononi, hata ukiambiwa na nani, kwani kilo thelathini na tano zikiwa zimeshika kasi hazisimamishwi na kifundo cha mkono. Wenye Weimaraner hujuana kwa mistari ya kuungua viganjani.

Kumbuka pia uko nchi gani. Katika jimbo la Niedersachsen, ilipo Hannover, toka tarehe 1 Aprili hadi tarehe 15 Julai mbwa hafunguliwi kamba msituni wala kwenye mashamba ya wazi, kwa sababu wanyama na ndege wanalea. Yaani miezi ile mizuri, ambayo hatimaye hakuna theluji wala tope, ndiyo miezi ya kamba. Mbwa wa mwindaji aliye kazini haguswi na katazo hilo, wa kwako anaguswa. Na yako majimbo ambayo sheria bado inampa mwenye eneo la uwindaji ruhusa, kwa masharti, ya kumpiga risasi mbwa anayefukuza wanyama pori. Hilo litakusaidia kupuliza filimbi kwa moyo.

Kabla ya hayo yote utakuwa umekutana na karatasi. Jimbo la Niedersachsen, toka mwaka 2013, linamtaka anayeanza kufuga mbwa afanye mtihani: wa nadharia kabla ya kumchukua, wa vitendo ndani ya mwaka wa kwanza. Anayetahiniwa ni mtu. Kuna bima ya kulipia hasara za mbwa, ambayo ni ya lazima, na usiichukulie kama utani wa kiserikali. Kuna kidude cha utambulisho chini ya ngozi. Kuna kodi ya mbwa, inayotozwa na manispaa kila mwaka. Shangazi yako aliyeko Tanga ataliuliza hilo mara mbili kwenye simu ili ahakikishe amesikia vizuri: kodi, ya mbwa?

Na kwa kuwa tumemtaja shangazi, jiandae naye. Mbwa anaowajua yeye ni Simba wa jirani, anayefungwa mchana na kufunguliwa usiku, anayekula ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, na akiugua anajitibu kwa majani. Sasa umempigia simu ya picha, umeshatoa shikamoo, na nyuma yako kwenye kioo kinapita kitu kirefu cha kijivu.

"Mwanangu, hicho nini?"

"Mbwa, shangazi."

"Yumo ndani?"

"Yumo, shangazi. Huyu hawezi baridi, manyoya yake ni mafupi, hana yale ya ndani ya kumtia joto."

"Na kuswali unaswalia wapi?"

Swali halali, na jibu lake si la mwandishi wa magazeti. Mwulize ustadhi wako. Watu wa pwani wengi ni Mashafii, na kwa madhehebu hayo mate ya mbwa yana hukumu yake inayojulikana, kuosha mara saba, moja kwa udongo. Ila nitakugusia jambo moja ambalo shangazi mwenyewe huenda amelisahau toka madrasa. Vitabu hivyo hivyo vya fikihi vimemtenga mbwa wa kuwindia na kumpa mlango wake, kwa sharti awe amefundishwa, na alama za kufundishwa zimetajwa: akitumwa aende, akizuiwa asimame, na akikamata asile. Tena iwe ndiyo mazoea yake, isiwe bahati ya siku moja.

Sasa weka masharti hayo kando ya mtihani wa mbwa wa kuonyesha unaofanyika Ujerumani kila majira ya kupukutika majani. Mbwa anatumwa kumfuata bata kwenye matete marefu, naye lazima aende, amtafute, amlete hadi mkononi. Anatakiwa atii. Na akipelekwa kuleta windo lililokufa, akaanza kulila, au akalifukia ardhini ili alirudie baadaye, safari yake imeishia hapo; waamuzi wa Kijerumani hawana msamaha na mlaji wala mzikaji. Faqihi na mwamuzi mwenye kofia ya manyoya hawajawahi kukutana, na wangeelewana ndani ya dakika tano. Mbwa wako wa miezi minane, nikutahadharishe, hana hata moja kati ya hayo matatu.

Mtihani huo mwenyewe huwezi kuingia kwa kuamua tu. Anayemwongoza mbwa hutakiwa awe na leseni ya uwindaji, na leseni hiyo ina masomo ya wanyama na magonjwa yao, sheria, silaha, mbwa na usafi wa nyama, pamoja na kulenga shabaha. Wenyeji huiita kwa utani kidato cha sita cha kijani. Ninawafahamu watu waliokwenda kununua mbwa wa kupamba sebule, na sasa wanajua kumchuna paa.

Turudi ndani. Milango ya Ujerumani ina vitasa vya kushusha, na Weimaraner anavielewa mapema: anasimama kwa miguu ya nyuma, anatua kwato... samahani, makucha juu ya kitasa, mlango unafunguka, friji iko pale. Wenye uzoefu hufungua skrubu na kukigeuza kitasa kielekee juu. Wageni hudhani fundi alikuwa amelewa. Meza ya jikoni usiihesabu kuwa ni juu. Kwa dume linalofika sentimita sabini begani, meza ni sahani. Chokoleti na zabibu zifungie kabatini, zote mbili ni sumu kwa mbwa, hata zile zabibu chache ulizobakisha za pilau.

Hapa naweka mzaha pembeni kidogo. Mbwa wenye kifua kirefu kama hiki wana hatari ya tumbo kujaa hewa na kujipinda. Dalili ni tumbo kuvimba, kuhangaika, kujaribu kutapika na kitu kisitoke. Hiyo ni ya kukimbilia kwa daktari wa wanyama usiku huo huo. Ukingoja asubuhi huenda usimkute. Mgawie chakula mara mbili au tatu kwa siku, na usimkimbize akiwa ametoka kula.

Kuachwa peke yake ndiyo mada ambayo wauzaji huipita haraka. Weimaraner hana habari na wazo la chumba chako na chumba changu. Ukienda msalani anakuja. Ukifunga mlango wa msala anapumua chini ya mlango ili ujue kwamba hajachukia. Siku unapotoka kwenda kazini bila kumwandaa, atakutafuta, na kwa kuwa ametumwa na kichwa chake mwenyewe, atakutafuta kila mahali: ndani ya mito, nyuma ya plasta ya ukuta, chini ya zulia, na mwishowe, kwa utaratibu wa kuvutia, ndani ya kochi. Dawa ipo, nayo ni ya kuchosha: unatoka dakika moja unarudi, dakika tatu unarudi, bila maagano wala machozi mlangoni, ukipandisha polepole kwa majuma. Hakuna njia ya mkato, na aliyekuuzia dawa ya kupulizia ukutani amekula pesa yako.

Atakuletea vitu. Amezaliwa kubeba, na atabeba soksi, rimoti, kiatu cha jirani, siku moja njiwa aliye hai na hasira. Kila akileta, mshukuru kwa sauti ya dhati, pokea, mpe kipande cha jibini. Ukimfokea kwa sababu ya kiatu, atajifunza haraka sana, ila atakachojifunza ni kwamba mali ikionekana inanyang'anywa, kwa hiyo imezwe. Daktari wa upasuaji wa wanyama hulipwa vizuri Ujerumani.

Ikifika mwaka wa pili, mambo yakiwa yamekaa sawa kidogo, filimbi inasikilizwa mara nyingi, kitasa kimezoeleka, wewe mwenyewe umekonda na unajua majina ya ndege kwa Kijerumani, atatokea mtu bustanini akuambie kwamba anachokosa mbwa wako ni mwenzake wa kucheza naye, na kwamba wawili huchoshana wenyewe kwa wenyewe. Hawachoshani. Wanagawana kazi: mmoja anafungua mlango, mwingine anaingia kwenye friji. Manispaa nyingi za Ujerumani hutoza mbwa wa pili kodi kubwa kuliko wa kwanza.